Gaidansi shuleni: tarajia nini, usitarajie nini

Ingia shule yoyote ya sekondari Kenya uulize kama wana gaidansi, yaani ushauri nasaha kwa wanafunzi, utaambiwa ipo, na kusema ukweli mara nyingi ipo, kuna mwalimu amepewa hiyo kazi na pengine hata kaofisi kako. Shida ni kwamba huyo mwalimu ndo huyo huyo wa Kemia, ana vipindi vyake vya wiki, ana madaftari ya kusahihisha, halafu saa kumi jioni anatakiwa akae na mtoto ambaye halali manake kwao wazazi wanaachana. Wengine wamesomea ushauri nasaha kabisa. Wengine walipewa tu kwa sababu wana roho nzuri na prinsipo akaona watafaa.

Kuna wanaosema basi hii kitu iachwe, mambo ya akili ni ya hospitali. Hapo sikubaliani nao. Utafiti wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa 2022, ulikuta zaidi ya 4 kati ya 10 wamekuwa na tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, na wasiwasi ndo uliongoza. Si ati wote ni wagonjwa wa kulazwa, la, lakini hao wote utawapeleka wapi, hospitali ya akili ya Mathari?

Na kuna kitu shule inaweza. Shamiri, shirika la hapa hapa Kenya, lilichukua vijana waliomaliza sekondari juzi tu, likawafunza kwa muda mfupi, likawapa vikundi vidogo vya wanafunzi waliokuwa na dalili za huzuni na wasiwasi, kikao kimoja kwa wiki, wiki nne basi. Wanafunzi walikuwa 413, wengine wakifunzwa mbinu za kusoma ili kulinganisha, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dalili zilishuka zaidi kwa wale wa Shamiri, na miezi saba baadaye tofauti bado inaonekana. Walichoongelea ni vitu vya kawaida tu, shukrani, mambo unayoyathamini, kwamba mtu anaweza kubadilika. Mimi hapo naangalia zaidi nani alikuwa anaongoza kikao. Kijana aliyemaliza shule majuzi hawezi kukuandikia barua ya kuleta mzazi.

Lakini tusikimbie na hiyo. Uingereza walijaribu kufunza madarasa mazima kutuliza akili kwa kufuatilia pumzi, wanafunzi zaidi ya 8,000, na majibu ya 2022 yakawa kwamba hawakuwa afadhali kuliko wenzao wa masomo ya kawaida, tena wengi hata hawakuwa wanafanya mazoezi yenyewe. Australia ndo ilikuwa mbaya zaidi, programu ya kufunza vijana kudhibiti hisia, matokeo yakatoka 2023, na baadhi ya vipimo vilionyesha wamezidiwa, hata uhusiano na wazazi ukaharibika. Kwa hivyo kukusanya darasa zima la vijana hamsini uwafunze kuhusu huzuni si kitu cha bure, kuna ambaye hakuwa na neno na sasa ameanza kujichunguza.

Ila kwa maoni yangu gaidansi yetu haifi kwa sababu ya mbinu, inafia kwenye siri. Kijana anaingia anasema anavuta bangi juu hapati usingizi, anatarajia kusaidiwa, Jumatatu anajikuta mbele ya kamati ya nidhamu na aliyemskiza ameketi pale upande ule mwingine wa meza. Nani atarudi? Na wenzake wote walimwona akiingia ile ofisi, jina la utani lishapatikana.

Mwalimu naye ana haki yake hapa. Mtoto akisema anataka kujiua, ama kuna mtu mzima anamdhulumu, hiyo si siri ya kuwekwa, lazima mtu aambiwe. Kosa ni kutomwambia mtoto mapema, kabla hajafungua mdomo. Tena kumbuka mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kinakiuka katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kwa hivyo mtoto aliyesema alijaribu alikuwa, kwenye karatasi, anakiri uhalifu kwa mwalimu wake.

Kwa hivyo ukienda tarajia sikio, na mtu wa kukupeleka kwa anayejua zaidi, usitarajie tiba. Na uliza mapema, haya nitakayosema yanafika wapi? Akibabaika, mambo ya stresi ya mtihani mwambie, mazito piga 116, laini ya watoto, ni bure. Sema pia hapo kuna kichekesho, bweni simu ni marufuku, sasa 116 utapiga na simu ya nani, ya matroni? Kabla ya kununua kibao kingine cha mlangoni cha ofisi ya gaidansi, shule ingeweka simu moja mahali ambapo dipiti, yule naibu wa prinsipo, hapiti.