London wanapima muda wa dereva, kwetu tunapima mgao wa kampuni

Wanaotoka London kwenda likizo Dar es Salaam huanza na lalamiko moja: dereva wa teksi mtandao anapiga simu. Upo wapi? Unaenda wapi? Unalipa keshi au kadi? Akijibiwa "Mbagala, kadi," safari inafutwa. Jioni yake kundi la WhatsApp linajaa maneno kwamba nyumbani hatujui huduma kwa mteja, na kwamba Ulaya dereva anakuja kimya kimya na kukupeleka. Lalamiko hilo silikubali. Simu ile ni hesabu ya pesa, na hesabu hiyo hiyo ipo London, isipokuwa huku abiria haioni.

Tuifanye basi. Chukua safari ya kilomita 10 ambayo programu imeipangia shilingi 8,000. Kamisheni ikiwa asilimia 25, kampuni inaondoka na 2,000, dereva anabaki na 6,000. Abiria alikuwa kilomita 3 kutoka pale gari liliposimama, na baada ya kumshusha dereva alirudi mtupu kilomita 4 kutafuta eneo lenye watu. Jumla kilomita 17. Gari dogo kama IST likila lita 1 kwa kilomita 12 kwenye foleni na kiyoyozi kimewashwa, na petroli tuseme ni 3,000 kwa lita, mafuta ni 4,250. Imebaki 1,750, na bado hajagusa hesabu ya mwenye gari (pesa anayompelekea kila siku), kumwaga oili, matairi wala bando la intaneti. Sasa badilisha vitu viwili tu: abiria awe kilomita 1, na rikwesti ya pili ipatikane palepale aliposhuka wa kwanza. Mafuta yanashuka hadi 2,750, kinachobaki ni 3,250. Safari ni ileile, nauli ni ileile, ila faida imekaribia mara mbili. Dereva anapouliza unaenda wapi, anachotaka kujua ni kama huko atapata wa kumrudisha.

Swali la keshi au kadi nalo lina sababu. Pesa ya kadi haifiki mkononi papo hapo. Inakaa kwenye akaunti ya dereva mpaka siku ya malipo ya kampuni, ambayo kwa kawaida huja mara moja kwa wiki. Kituo cha mafuta hakikopeshi, na mwenye gari anataka hesabu yake usiku huohuo. Keshi kwa upande wake inaacha deni: dereva anabaki na nauli yote, huku kamisheni ikijiandika kwenye programu kama anadaiwa. Deni likifika kikomo, anazuiwa kupokea rikwesti mpaka alipe kwa simu. Kwa hiyo dereva aliyekaribia kikomo anatafuta safari za kadi, maana kampuni inajikata humo na deni linapungua. Ndiyo sababu unaweza kukataliwa Jumatatu kwa kadi na Alhamisi kwa keshi, na wote wawili wakawa na hoja.

London hakuna simu hiyo kwa sababu mambo mengi yameamuliwa kabla dereva hajawasha injini. Hakuna keshi kwenye programu kubwa. Dereva lazima awe na leseni ya teksi za kuagizwa inayotolewa na mamlaka ya usafiri ya jiji, TfL: umri miaka 21 au zaidi, uzoefu wa leseni ya kawaida wa miaka 3, uchunguzi wa afya, rekodi ya polisi, Kiingereza kilichothibitishwa, mtihani wa kanuni na usalama, na mtihani wa kusoma ramani. Gari nalo lina leseni yake, na tangu Januari 2023 linaloingizwa kwa mara ya kwanza lazima liweze kwenda bila moshi, yaani la umeme au lenye uwezo huo. Bima ni ya kubeba abiria kwa malipo. Ya gari binafsi haikubaliki. Na kumchukua mtu anayekupungia mkono barabarani bila oda ni kosa linaloifuta hata hiyo bima. Hilo la mwisho huwakwaza wengi waliozoea kusimama popote.

Halafu kuna hukumu. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi kwa maana ya sheria ya kazi, si wafanyabiashara wanaojitegemea. Mwezi uliofuata kampuni ilianza kulipa posho ya likizo ya asilimia 12.07, kuchangia pensheni, na kuahidi kwamba dereva hatashuka chini ya kima cha chini cha mshahara baada ya gharama zake. Huo ni ushindi mkubwa, na ulipiganiwa na madereva wenyewe, wengi wao wahamiaji kama sisi.

Lakini angalia muda unavyohesabiwa. Mahakama iliona kazi inaanza dereva anapowasha programu akiwa tayari kupokea oda katika eneo lake. Kampuni ikahesabu kuanzia anapokubali safari hadi anaposhusha. Dereva aliyekaa hewani saa 50 kwa wiki, akawa na safari kwa saa 35, anadhaminiwa saa 35. Kwa kima cha mwaka 2025 cha pauni 12.21, hiyo ni pauni 427.35. Igawe kwa saa 50 alizokaa nje ya nyumba yake, unapata pauni 8.55 kwa saa. Zile saa 15 ni sawa kabisa na kilomita 4 za dereva wa Dar anayerudi mtupu. Zote ni muda wa kumsubiri abiria, na hakuna anayezilipa.

Hesabu ya mwenye gari pia ipo London, isipokuwa inaitwa kodi ya wiki. Asiye na mtaji anakodi gari la umeme pamoja na bima. Likiwa pauni 250 kwa wiki, anaanza Jumatatu akiwa na deni la 250, aumwe asiumwe. Anayeishi ghorofani bila sehemu ya kuegesha hawezi kuchaji nyumbani usiku, hivyo anategemea chaja za haraka za barabarani ambazo yuniti moja inagharimu mara kadhaa ya umeme wa usiku wa nyumbani. Kuingia katikati ya jiji kuna tozo ya foleni, na magari ya teksi za kuagizwa yaliondolewa kwenye msamaha wake Aprili 2019. Kumshusha mtu mbele ya jengo la abiria Heathrow kunalipiwa tangu Novemba 2021. Tozo kama hizi mara nyingi zinaongezwa kwenye bili ya abiria, ila dereva anayekwenda kuchukua oda mjini, kisha oda ikafutwa, anabaki nayo mwenyewe. Kwa hiyo ndugu mnaouliza kama mje mwendeshe: kwanza fanyeni hesabu ya kodi ya gari, chaja na saa za kusubiri, ndipo muangalie nauli.

Na hapa ndipo nyumbani tumetangulia, ingawa hatujisifu. Kenya, kanuni za mwaka 2022 zilizo chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ziliweka kikomo cha kamisheni: asilimia 18. Tanzania, mwaka huohuo, LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilikishusha hadi 15. Uber ikasimamisha huduma zake mwezi Aprili, na ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi 25. Unaweza kubishana kuhusu namba yenyewe, na mimi naona 25 ni kubwa kwa nchi ambayo dereva ndiye ananunua gari, mafuta na tairi. Lakini ipo namba, na dereva anaweza kuishika mkononi. London hakuna kikomo cha namna hiyo. Abiria anaonyeshwa bei yake, dereva anaonyeshwa malipo yake, na tofauti kati ya hizo mbili inabadilika safari kwa safari. Leo kampuni imebaki na sehemu ndogo, kesho kubwa, na dereva hawezi kulalamikia asilimia asiyoijua.

Ninachotaka kwetu ni kuongeza kile London ilichoanza: kupima muda na umbali wa dereva asipokuwa na abiria. Kilomita za kumfuata abiria zilipwe zikizidi, tuseme, 2, na zionekane kwenye risiti kama mstari wake. Abiria akiona shilingi 900 za kufuatwa ataelewa haraka kwa nini gari la mbali linaghairi, na dereva hatakuwa na sababu ya kupiga simu ya kuchuja watu. Madereva wa Nairobi walipoanza mwaka 2024 kuwatoza abiria nauli zao wenyewe juu ya ile ya programu, walikuwa wanajaribu kuziba pengo hilihili kwa mikono yao. Njia ile inachosha pande zote mbili, kwa sababu kila safari inaanza na mabishano.

Wakati tunasubiri kanuni, kuna mambo ambayo abiria wa Dar anaweza kufanya leo. Pini ya ramani ndiyo inayoharibu safari nyingi. Simu ikiwa ndani ya jengo inakisia, na mara nyingi inakuweka ng'ambo ya barabara. Kwenye Barabara ya Morogoro, yenye njia za mwendokasi katikati, kosa la mita 30 ni dereva kwenda mbali kutafuta pa kugeuzia. Toka nje, subiri sekunde chache, sogeza pini kwa kidole hadi getini, na uandike upande: wa kuelekea Ubungo au wa kuelekea Kariakoo. Kuhusu Daraja la Kigamboni, kubalianeni kabla gari halijaondoka nani analipa tozo ya kuvuka. Ukitaka kulipa kwa simu, tuma na ada ya kutolea. Usipofanya hivyo dereva anakatwa mara ya pili baada ya kamisheni. Chenji usimtegemee, hasa asubuhi.

Namba ya gari ikitofautiana na ya programu, usipande. Najua maelezo atakayokupa: gari lipo gereji, mimi ni deiwaka (dereva wa kushikia kwa muda) wa kaka yangu. Huenda ni kweli, kwani gari moja likiendeshwa na wawili, mmoja mchana mwingine usiku, ndiyo namna ya kutimiza hesabu. Shida ni kwamba likitokea la kutokea, rekodi inamtaja mtu ambaye hakuwepo, na kampuni ya bima inapata mlango wa kutolipa. London nao waliumia hapo: mwaka 2019 TfL iliinyima Uber leseni mpya, na moja ya sababu zilizotajwa ni madereva wasioidhinishwa waliobandika picha zao kwenye akaunti za wengine, katika safari zisizopungua 14,000. Futa safari, chagua sababu ya gari kutofanana, agiza jingine.

Kwa dereva, la haraka: uliza bima yako inasema nini kuhusu kubeba abiria wa kulipa, iwe bima ndogo au kubwa. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako halimo. Na weka akiba ya matengenezo kwa kilomita, si kwa mwezi. Anayekimbia kilomita 170 kwa siku anamaliza 5,000 kwa siku 30, yaani oili kila mwezi, na shokapu na boshi za barabara za mitaani zinawahi kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Na wewe uliyetua kutoka London na laini mpya ya simu, mtumie dereva ujumbe kabla hajapiga: "Nipo nje geti la pili, upande wa duka la dawa, naenda Mbagala Zakhem, nalipa keshi, ninayo kamili." Akighairi baada ya hapo, ameghairi mapema, na wote wawili hamjachoma mafuta.