Msinipimie Jerry Tuwai kwa mikataba ya Ulaya

Kila tunapoanza kubishana kuhusu wachezaji bora wa raga kutoka Fiji, nikimtaja Jerry Tuwai, hakosi mtu wa kuniuliza: "Huyo amechezea klabu gani kubwa Ufaransa?" Swali hilo linaniudhi. Klabu hizo hucheza raga ya wachezaji 15; kazi yake kubwa yeye ameifanya katika raga ya wachezaji saba, akiwa na jezi nyeupe ya Fiji, na kwangu mimi hiyo inatosha kabisa.

Alikulia Newtown, mtaa wa watu wa kipato cha chini nje kidogo ya mji mkuu, Suva. Timu ya taifa aliingia mwaka 2014 akiwa na miaka 25, alipoitwa na kocha Mwingereza Ben Ryan. Mchezo huu unakula magoti, na kwa umri huo wengine wameshaanza kufikiria kustaafu.

Tena ni mfupi. Lakini mtazame anapobaki ana kwa ana na beki. Hachomoki mbio kama unavyotarajia. Anapunguza mwendo, karibu asimame, mpira kaushika kwa mikono miwili, na anamsubiri mwenzake aamue. Beki akishaweka uzito kwenye mguu mmoja, Tuwai keshapita upande wa pili, na jamaa anabaki kukumbatia hewa. Na baada ya chenga hiyo mara nyingi trai, yaani bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, hafungi yeye; anamtafuta mwenye nafasi, anampa. Ndiyo maana nampenda.

Nasema haya nikiwa shabiki wa Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya saba. Kwenye mashindano ya Singapore mwaka 2016 tuliwafunga Fiji 30-7 katika fainali, na furaha ya siku ile bado ninayo. Miaka miwili baadaye wakatulipa, tena mara mbili: fainali ya Vancouver 31-12, fainali ya Hong Kong 24-12. Mpinzani wa namna hiyo unamjua vizuri kuliko ndugu yako.

Miezi minne tu baada ya Singapore, Fiji waliipiga Uingereza 43-7 katika fainali ya Olimpiki, Rio. Nchi isiyofikisha watu milioni moja ikapata medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, na ikawa ya dhahabu. Wachezaji walipiga magoti mmoja mmoja mbele ya Princess Anne aliyewavisha medali. Serikali ikachapisha noti ya dola 7 kwa heshima yao.

Josua Tuisova na Leone Nakarawa, waliokuwa kwenye kikosi kile, waliendelea na raga ya wachezaji 15 huko Ulaya. Siwalaumu hata kidogo. Mtu ana wazazi, ana watoto, na pesa iko kule. Ninachokataa ni kuifanya raga ya saba iwe ngazi tu ya kupandia. Tuwai alibaki, na mwaka 2019 akatajwa mchezaji bora wa dunia wa mchezo huo.

Kisha ikaja Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021. Korona ilikuwa imewaweka kambini kwa miezi, mbali na familia zao. Kutoka kikosi cha dhahabu cha Rio alikuwa amebaki yeye peke yake, sasa akiwa nahodha. Waliifunga New Zealand 27-12 kwenye fainali, na akawa mwanamume wa kwanza kuwa na dhahabu mbili za Olimpiki katika raga ya saba. Mkataba gani wa Ulaya unakupa hiyo?

Paris 2024 alikwenda tena, ana miaka 35, na safari hii kocha wake alikuwa Osea Kolinisau, aliyekuwa nahodha wake kule Rio. Ufaransa wakawafunga 28-7 kwenye fainali, na ikawa mara ya kwanza Fiji kupoteza mechi ya Olimpiki katika mchezo huu. Niliumia kama vile waliofungwa ni Shujaa.