South Sydney: Waliiokoa Klabu, Kisha Wakaiuza

Januari 1908, katika ukumbi wa mji wa Redfern, mtaa wa wafanyakazi jijini Sydney, iliundwa klabu ya raga ya wachezaji 13 iitwayo South Sydney. Mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi. Kufikia 1971 ilikuwa na mataji 20, na hakuna klabu nyingine ya ligi hiyo iliyoifikia. Hiyo ndiyo klabu ambayo baada ya msimu wa 1999 wakuu wa ligi waliamua haina nafasi tena.

Uamuzi ule ulikuwa na chanzo chake. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya News Limited ya Rupert Murdoch ilianzisha ligi pinzani kwa sababu ya televisheni. Mishahara ya wachezaji ikapaa, klabu zikachoka. Mapatano ya Desemba 1997 yalirudisha ligi moja, kwa sharti kwamba kufikia 2000 zibaki timu 14. Msimu wa 1998 zilikuwa 20. Hoja ya wakuu haikuwa ya kipuuzi: klabu za Sydney zilikuwa nyingi mno kugawana mashabiki na wadhamini, na South Sydney, yenye hali mbaya kifedha, haikuwa imefika hatua ya mtoano tangu 1989. Wengine walikubali kuungana, kama Balmain na Western Suburbs. Mwenyekiti wa South Sydney, George Piggins, aliyewahi kuichezea, alikataa.

Wapo waliouita ukaidi. Mimi naona alikuwa sahihi. Manly na North Sydney, majirani wenye uhasama wa miaka mingi, waliunganishwa mwaka 2000. Muungano ulisambaratika baada ya misimu michache tu, na North Sydney, iliyoanzisha ligi pamoja na South Sydney mwaka 1908, ikapotea ligi kuu.

Novemba 2000 watu wapatao 80,000 waliandamana Sydney kuidai South Sydney. Klabu ilikuwa imeshtaki kupinga kuondolewa; jaji wa Mahakama ya Shirikisho aliikatalia, jopo la rufaa likampindua Julai 2001, na msimu wa 2002 klabu ikarudi uwanjani. Jambo linalosahaulika ni kwamba mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Australia, iliyo ya juu kabisa nchini humo, iliupa upande wa ligi ushindi. Klabu haikuondolewa tena. Kwa hiyo kisheria South Sydney ilishindwa; kilichoibakiza ni watu wake.

Lakini mapenzi hayasajili wachezaji. Klabu ilishika mkia 2003, ikashika tena 2004. Machi 2006 mwigizaji Russell Crowe na mfanyabiashara Peter Holmes à Court wakaomba kununua asilimia 75 kwa dola za Australia milioni 3. Ilihitajika robo tatu ya kura; zilipatikana asilimia 75.8. Piggins alipinga, na uchungu wake naulewa: waliopigana wasinyang'anywe klabu sasa walikuwa wanaikabidhi wenyewe.

Matunda yalionekana. Mwaka 2007 ilirudi hatua ya mtoano. Oktoba 2014 ikaichapa Canterbury 30-6 katika fainali, mchezaji wake Sam Burgess akicheza na mfupa wa shavu uliovunjika, na ukame wa miaka 43 ukaisha. Anayesema mauzo yale yalikuwa kosa lazima aeleze taji hilo lingepatikana kwa fedha ipi.

Hata hivyo, sehemu ya Holmes à Court ilipita kwa bilionea James Packer, na baadaye bilionea mwingine, Mike Cannon-Brookes, naye akanunua hisa. Ningekuwa mwanachama mwaka 2006 ningepiga kura ya ndiyo, kwa sharti kwamba wanachama wabaki na asilimia 51. Najua nitajibiwa kwamba klabu dhaifu haipangi masharti, na hakuna tajiri anayetoa fedha ili aamuliwe na mkutano mkuu. Ila klabu hii ilikuwa imejaza watu 80,000 barabarani. Huo ulikuwa mtaji mezani, na siuoni ndani ya zile dola milioni 3.