Uji Juu ya Mlango: Je, Bruegel Aliwacheka Wakulima?

Kila inapotajwa "Harusi ya Wakulima", picha ya Pieter Bruegel, mchoraji wa Flanders wa karne ya 16, iliyochorwa yapata 1567 na sasa iko Vienna, hakosi mtu wa kusema kuwa ile ni kejeli: tajiri wa mjini anatazama washamba wakila na kulewa, anacheka, anamshukuru Mungu hakuzaliwa miongoni mwao.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Wateja wa Bruegel walikuwa watu wenye nafasi zao. Kufikia 1566 mfanyabiashara mmoja wa Antwerp, Nicolaes Jonghelinck, alikuwa na picha zake 16. Na chini ya mchoro wake wa sikukuu ya kijiji cha Hoboken, karibu na Antwerp, uliochapwa 1559, yapo maneno kwamba wakulima hufurahia kucheza na kulewa kama wanyama. Ndiyo njia aliyoshika mwanahistoria wa sanaa Hessel Miedema mwaka 1977 alipompinga mwenzake Svetlana Alpers, ambaye katika sherehe hizi aliona ucheshi usio na dharau.

Haya, tuangalie chakula. Wanaume wawili wameubeba mlango uliong'olewa bawabani, umekuwa sinia, na kilichopangwa juu yake ni uji. Nyama sijaiona, na nimeitafuta mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima. Kuna mkate, kuna bia inayomiminwa mitungini, na chini sakafuni mtoto mwenye kofia iliyomfunika macho analamba sahani. Nani achore ulafi kwa uji? Bruegel alipotaka kuchora ulafi hakushindwa. Mwaka huohuo wa 1567 alichora nchi ya kufikirika ya washibao, paa limeezekwa kwa vitumbua vya kwao, nguruwe anakimbia na kisu ubavuni. Waliolala chali kwa shibe ni watatu: mkulima, askari, na msomi. Wa tatu huyo wasemao kejeli hawapendi kumtaja.

Nakubali kwamba "Ngoma ya Wakulima", picha yake nyingine, ni ngumu zaidi kuitetea. Wachezaji wamelipa kanisa kisogo, na picha ya Bikira Maria iliyotundikwa mtini haina wa kuitazama. Lakini katika mchoro wake mwingine, wa sikukuu ya Mtakatifu George, bendera imeandikwa: waacheni wakulima wafanye sikukuu yao. Si maneno ya bure. Mwaka 1531 Kaisari Karl wa Tano, mtawala wa nchi hizo, alikuwa ameamuru sikukuu hizo zisizidi siku moja.

Ukirudi kwenye harusi, utaona ukuta wa nyuma wote ni nafaka iliyorundikwa, na miganda miwili imetundikwa kwa reki. Bi harusi amekunja mikono, hali, hasemi. Mpiga zumari, mfuko wake kwapani, ameyakodolea macho yale mabakuli yanayopita. Wenzake wako sherehani. Yeye yuko kazini, na bado hajala.