Dhahabu ya Kakamega na deni la 1932

Huko Ikolomani, kaunti ya Kakamega magharibi mwa Kenya, nilimwona mama mmoja ameketi chini ya mwembe, nyundo mkononi, akiponda mawe yaliyotolewa shimoni. Kila jiwe alilizungushia kipande cha mpira wa tairi ili vijipande visimrukie machoni. Unga wake ungeoshwa kwenye karai, uchanganywe na zebaki, ukamuliwe kwa kitambaa, na kijidonge kinachobaki kichomwe motoni. Mnunuzi angekipima kwa pointi, kumi kwa gramu moja. Moshi wa zebaki ungemwingia yeye kwanza, pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni.

Naanza na yeye kwa sababu mzozo wa mgodi mkubwa wa dhahabu unaopangwa hapa unamgusa kutoka pande zote mbili. Tangu 2020, kampuni ya Shanta Gold ilipoununua mradi huu kutoka kampuni ya Barrick, jamii za Isulu na Bushiangala, ambako mgodi utachimbwa, zimegawanyika. Kuna wanaotaka kampuni ianze kazi na kuna wasiotaka hata kusikia habari ya kuhama.

Wanaoutaka mgodi wana hoja nzito. Mashimo ya kienyeji hushikiliwa kwa magogo, mvua ikinyesha udongo hulainika, na vijana wamefukiwa humo wakiwa hai. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji hutoa kwa madini anayochimba, hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayochimbiwa. Dhahabu inayouzwa gizani kwa madalali haileti zahanati wala bomba la maji. Sitawabeza wanaosema hivi. Wengi wao wamezika ndugu.

Lakini wanaokataa wana kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ina tarehe. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za Waafrika. Iliahidi kwamba maeneo yaliyotengewa wenyeji yatakuwa yao milele, na sehemu ikimegwa kwa shughuli za umma, watapewa ardhi nyingine ya kiasi hicho hicho. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega, ndani kabisa ya ardhi hizo, katika wilaya iliyoitwa Kavirondo Kaskazini. Wazungu wakamiminika, wengi wao walowezi ambao bei mbovu za mazao zilikuwa zimewafilisi. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa haraka: hakuna tena ardhi kwa ardhi, fidia ni pesa, na baraza la wenyeji si lazima liulizwe. Ile “milele” ilidumu miaka miwili. Mjadala ukafika hadi Bunge la Uingereza, lakini marekebisho hayakufutwa.

Mgodi wa Rosterman, kando ya mji wa Kakamega, ulichimbwa hadi 1952. Ni kweli mji ulikua, maduka yakafunguliwa na watu wakapata mshahara. Kampuni ilipoondoka, lilibaki jina la mtaa na mahandaki chini ya ardhi, na hadi leo kuna wanaochokora mabaki yake wakitafuta riziki.

Watetezi wa mgodi watasema mambo ya mkoloni yasihukumu ya leo. Tuna Katiba ya 2010, fidia ni haki, na umma lazima ushirikishwe. Nakubali. Hiyo ni tofauti kubwa, na anayesema hakuna kilichobadilika anajidanganya. Ila Katiba hiyo hiyo inayaweka madini yote mikononi mwa umma, kwa hiyo mwenye shamba anamiliki udongo wa juu tu. Na fidia inayozungumzwa, kwa sehemu kubwa, bado ni pesa. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Shamba la Mwidakho, yaani Mluhya wa eneo hili, mara nyingi halifiki ekari moja. Limegawanywa kwa wana, na kaburi la babu liko kando ya migomba. Ukimpa mtu huyo hundi, atanunua wapi shamba mahali ambapo jirani zake wote nao wanatafuta kwa wakati mmoja? Bei itapanda kabla hundi haijaiva benki.

Kwa hiyo simwambii mtu akatae mgodi. Ninachodai ni kile kilichofutwa Desemba 1932: ardhi kwa ardhi, iandikwe kwenye mkataba na ionyeshwe kwa macho, yenye maji na njia, kabla boma la kwanza halijahamishwa. Na wachimbaji wadogo watengewe eneo lao lenye kibali, ambalo sheria ya 2016 inaliruhusu, pamoja na mashine ya kusaga mawe na njia ya kusafisha dhahabu bila zebaki. Yule mama wa chini ya mwembe hana hatimiliki, kwa hiyo kwenye orodha ya fidia ya shamba jina lake halitakuwepo.