Matuta au mafunzo? Njia ya mtoto kwenda shule Malindi

Mkutano wa wazazi ukigusa usalama wa barabarani, hapa Malindi maneno hugawanyika pande mbili. Kuna wanaotaka matuta mbele ya shule, na wanayataka leo. Kuna wanaosema matuta huvunja magari na kuchelewesha wagonjwa. Hao husema mtoto afunzwe kuvuka, na mzazi mwenye uwezo ampakie tuktuk hadi langoni. Pande zote zina hoja. Uzito wake lakini haulingani, na kipimo kizuri ni kuanza na hesabu ya mwendo.

Gari la kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu kisheria ndani ya mji, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu amwone mtoto hadi akanyage breki. Lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, atahitaji mita 14 nyingine ili asimame. Jumla ni mita 28. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa hutumia mita 8 kwa ile sekunde ya kwanza na mita 5 za breki, basi mita 13. Sasa mweke mtoto mita 14 mbele ya magari hayo mawili. La kilomita 30 litasimama kabla ya kumgusa. La kilomita 50 litamfikia wakati dereva ndiyo kwanza anakanyaga breki, na litampiga kwa kasi yake yote. Hiyo ni lami kavu. Pembeni mwa barabara zetu kuna mchanga uliopeperushwa au kumwagwa na malori, na mvua za kwanza za masika hufanya lami yenye vumbi na mafuta iteleze kuliko kawaida.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoanza na mafunzo. Mafunzo yana kazi yake, nitayafikia, lakini hayawezi kumpa mtoto wa miaka sita kitu ambacho umri wake haujampa. Mtoto aliye chini ya miaka tisa au kumi bado hawezi kukadiria vizuri gari liko umbali gani na linakuja kwa kasi gani. Wa Gredi ya kwanza ana kimo cha mita moja na kidogo, hivyo tuktuk iliyoegeshwa hummeza kabisa: yeye halioni gari linalokuja na dereva hamwoni yeye. Na mbali na wa PP1 na PP2, yaani madarasa ya awali, kiwanja hichohicho sasa kina wanafunzi wa gredi za juu pia, kwa kuwa tangu 2023 madarasa ya sekondari ya msingi yamewekwa kwenye shule za msingi. Lango moja linatoa mtoto wa miaka minne na kijana wa miaka kumi na nne kwa pamoja. Mdogo hufuata mkubwa bila kutazama.

Ushahidi wa karibu uko Dar es Salaam. Mradi wa SARSAI, ulioanzishwa na shirika la Amend, ulikagua barabara zinazozunguka shule za msingi kisha ukatengeneza vitu vya kawaida kabisa: matuta, vivuko, njia za miguu, vigingi vya kuzuia magari, na pengine kuhamisha lango. Majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi ukatunukiwa tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha masuala ya miji cha taasisi ya World Resources Institute. Robo haimaanishi tatizo limekwisha. Inamaanisha kazi ya saruji na rangi huokoa watoto walewale ambao hotuba za asubuhi gwarideni haziwafikii.

Sasa wapinzani wa matuta wasikilizwe, maana wanachokilalamikia wamekiona kwa macho. Tuta la mtaani mara nyingi ni gongo fupi la udongo na saruji, refu kwenda juu, lililotengenezwa na wananchi wenyewe baada ya ajali. Gari hulikwaruza, abiria wa tuktuk hugonga kichwa, na mama mjamzito huumia. Hilo ni kosa la kipimo, wala halihukumu matuta yote. Tuta lenye mgongo wa mviringo linalofaa kasi ya kilomita 30 huwa na urefu wa karibu mita 3.7 kwa kufuata barabara, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Kivuko kilichoinuliwa ni bora zaidi mbele ya lango: juu pawe bapa, upana wa mita 3 au 4, kimo kilekile, na mteremko wa mita moja hivi kila upande. Gari hupunguza mwendo mahali hasa mtoto anapovuka, na mtoto akiwa juu yake huonekana zaidi. Kuhusu gari la wagonjwa, hupoteza sekunde chache kwa kila tuta. Hoja hiyo ina nguvu kwenye barabara ya kuelekea hospitali yenye matuta kumi mfululizo. Kwa kivuko kimoja mbele ya shule, haina.

Panapoharibika ni kwenye ncha za tuta. Fundi huacha nafasi pembeni ili maji ya mvua yapite, na bodaboda huigundua nafasi hiyo siku ya kwanza. Badala ya kupunguza mwendo, pikipiki inachepuka na kupita palepale watoto wanapotembea. Tuta lililojengwa kwa ajili yao limewaletea pikipiki miguuni. Ukiziba nafasi, maji yanasimama, lami inabomoka, na watoto wanazunguka dimbwi kupitia katikati ya barabara. Lazima yote mawili yafanyike: tuta lifike ukingoni kabisa, na chini ya ncha yake upite mtaro uliofunikwa kwa bamba la zege au bomba lenye upana wa kutosha kufagiliwa mchanga. Bomba jembamba huziba kabla masika hayajaisha.

Vigingi navyo vina mipaka. Vikiachana kwa mita 1.2 huzuia gari na tuktuk. Bodaboda hupita. Ukivibana hadi bodaboda ishindwe, umemzuia pia mtoto wa kiti cha magurudumu, anayehitaji kama sentimita 90. Dawa ni kupanga safu mbili zilizopishana, ili anayepita alazimike kukata kona. Kiti cha magurudumu kitazunguka taratibu na pikipiki italazimika kusimama.

Rangi nisiisemee sana. Rangi ya nyumba hufutika upesi chini ya matairi na mchanga. Ikiwa hakuna fedha za rangi ya barabarani yenye chembe za kioo, basi ipakwe upya kabla ya kila muhula, Januari, mwezi wa nne na mwezi wa nane. Kivuko cha rangi tupu, kisicho na tuta, kwenye barabara ya mwendo wa kasi ni hatari kwa namna yake: kinampa mtoto imani ambayo dereva hakuiweka.

Kuna barabara ambazo tuta la shule halitoshi wala pengine halifai. Barabara kuu ya kutoka Mombasa, ukipita Gede na Msabaha kuingia mjini, hubeba mabasi ya Lamu na malori ya chumvi yanayoteremka kutoka Marereni na Gongoni. Lori lenye mzigo likishtukizwa na tuta bila onyo hukwepa au hupoteza mzigo, na dereva wa nyuma humgonga wa mbele. Hapo wahandisi wa barabara kuu wana haki ya kusita. Kasi inapaswa kushushwa kwa hatua: alama mapema, michirizi ya kutetemesha tairi umbali wa mita mia na zaidi, kisha tuta refu, kisha kivuko chenye kisiwa katikati ili mtoto avuke upande mmoja kwa wakati. Nayo barabara ya Ganda ina jambo lake. Dereva anayeingia mjini asubuhi anaelekea mashariki, jua likiwa chini, usawa wa macho yake, saa ileile watoto wanapovuka. Alama iliyowekwa kinyume na jua hugeuka kivuli cheusi. Pale, mtu mzima mwenye koti la kung'aa akisimama kivukoni anafaa kuliko alama tatu.

Kabla ya kumwaga hata mfuko mmoja wa saruji, litazamwe lango. Shule nyingi zina lango linalofunguka moja kwa moja barabarani, kwa kuwa zilijengwa wakati barabara ilikuwa na magari machache. Kufungua lango la nyuma kwenye kichochoro, au kulirudisha lango ndani mita tano ili watoto wakusanyike kabla ya kutoka, ni kazi ya fundi mwashi ya siku chache. Pingamizi lake ni la kweli: malango mawili yanahitaji askari wawili, na shule ina mmoja. Lakini lango la pili halihitaji kuwa wazi siku nzima. Lifunguliwe nusu saa asubuhi na nusu saa wakati wa kutoka, mwalimu wa zamu akiwepo, kisha lifungwe.

Tuktuk ndiyo hoja inayonisumbua zaidi, kwa sababu mzazi anayempakia mtoto anafanya hivyo kwa mapenzi. Mtoto wake yuko salama zaidi akiwa ndani, mradi hawajasongamana saba nyuma na wengine kando ya dereva. Ila kila tuktuk inayofika langoni inageuza, inarudi nyuma na kuziba macho ya watoto wanaotembea, ambao kwa kawaida ni wengi kuliko waliopakiwa. Sipendekezi kuzikataza. Napendekeza zishushie umbali wa mita 100 au 150 kutoka langoni, upande uleule wa shule ili asiwepo wa kuvuka, mahali panapochaguliwa pamoja na madereva wa steji wenyewe. Wakishirikishwa hulinda mpango. Wakiandikiwa kibao tu, kibao kitabaki ukutani.

Baiskeli ina watetezi na waoga, na hapa niko katikati. Kwa mtoto wa Ganda au Msabaha anayetembea kilomita tatu au nne, baiskeli humwokolea karibu saa nzima kwa siku na humfikisha darasani akiwa na nguvu. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi kwenye lami ya magari, sikubali. Kwa mkubwa, kwanza itazamwe baiskeli yenyewe. Watoto wengi huendesha zile kubwa nyeusi za watu wazima, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba la juu. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuweka mguu chini akisimama ghafla. Akisimama ameitanulia miguu, bomba lisimguse. Pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Breki za vyuma za baiskeli hizo, zinazobana rimu la kung'aa, hushika vibaya sana rimu likilowa, hivyo siku ya mvua ashuke na kuisukuma kwenye mteremko. Raba za breki zibadilishwe kabla chuma hakijagusa rimu. Na asimpakie mdogo wake kwenye keria akiwa barabarani: uzito wa nyuma huyumbisha usukani wakati hasa lori linapopita.

Saa ya hatari kubwa, kwa maoni yangu, wengi hawaihesabu. Mjadala wote ni wa asubuhi, na mtoto wa Malindi ana safari nyingine: anakwenda chuo, yaani madrasa, alasiri, na mara nyingi anarudi jua linazama. Mvulana mwenye kanzu nyeupe huonekana kwa mbali. Dada yake mwenye buibui jeusi haonekani hadi taa zimfikie. Utepe wa kuakisi mwanga, sentimita 20 ukishonwa kwenye mkoba na mwingine kwenye mkono wa vazi, huonekana mbali kuliko nguo yoyote ile. Shule na chuo zikubaliane njia moja na kivuko kimoja, mtoto asiwe na kanuni mbili.

Kusindikizana ndiko kunakofanya mafunzo yawe na maana, kwa kuwa mtoto hujifunza kuvuka kwa kuvuka. Wazazi kumi, wawili kila siku, kila mmoja hupata zamu moja kwa wiki. Mtu mzima mmoja asichukue zaidi ya wanane wa gredi za chini, au wanne wa PP. Wanaopinga husema mama wa mahamri na baba wa baharini hawana nafasi saa kumi na mbili asubuhi, na ni kweli. Mpango huu hufa panapotegemea wazazi wa watoto husika peke yao. Hudumu ukiwahusisha bibi, kaka waliomaliza shule, na wenye maduka njiani ambao tayari wako nje asubuhi. Lakini usibebeshwe mzigo wa barabara: msindikizaji akivusha watoto mbele ya magari ya kilomita 70, tumeongeza mtu mmoja kwenye hatari ileile.

Atakayeandika barua kwa kaunti, au kwa mamlaka za barabara, KURA (za mijini), KeRRA (za vijijini) au KeNHA (barabara kuu), kulingana na barabara ni ya nani, asipeleke malalamiko matupu. Apime mita 50 kando ya barabara, aweke jiwe lililopakwa chokaa kila mwisho, na atumie saa ya simu. Gari likipita kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Kwa sekunde 3.6, kilomita 50. Kwa sekunde 2.25, kilomita 80. Apime magari 50 kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja na robo asubuhi, asimame mahali madereva hawamwoni, maana wakimwona hupunguza. Ahesabu pia watoto wanaovuka kila robo saa, na achore wanapovukia kweli, kwani aghalabu si pale kivuko kilipopangwa. Nakala moja ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Tuta likishajengwa, vipimo virudiwe palepale, saa zilezile, kabla fundi hajalipwa fungu la mwisho.