Tupimwe kwa siku ya kurudi

Klabu yetu ya akina mama ina wanachama ishirini na kitu, wengi wao walimu, wauguzi na wachuuzi wa hapa Kilifi mjini. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tunachanga, tunapanga pa kwenda. Kwa miaka mingi niliamini kazi yetu imekwisha pale tunapopiga picha na wanafunzi na kupanda matatu kurudi nyumbani. Siamini hivyo tena.

Kuna shule moja ya msingi upande wa Ganze tuliyoipelekea tangi la maji la lita 5,000, pamoja na mabomba ya kukinga mvua kutoka paani. Siku ya kulikabidhi watoto waliimba hadi sauti zikakauka. Miezi mitano baadaye, tukielekea mazishini, tukapita hapo hapo. Tangi lilikuwa zima, limesimama vizuri juu ya msingi wake, lakini ndani halikuwa na tone. Mfereji wa kufungulia maji ulikuwa umevunjika na maji ya masika yote yalikuwa yamemwagika mchangani. Mfereji wa plastiki, ambao dukani haukufika hata shilingi mia tano. Nyuma ya darasa, wasichana wawili walikuwa wanarudi na mitungi ya njano kichwani.

Mwalimu aliyetupokea hakutulaumu. Alisema tu, "Mama, hatukujua tumpigie nani."

Maneno hayo yalinikaa rohoni, kwa sababu yalikuwa kweli. Tulikuwa tumeandika jina la klabu kwenye tangi kwa herufi kubwa, lakini nambari ya simu hatukuweka.

Sodo nazo zilitufunza somo hilo hilo. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili msichana wa shule ya umma aliyebaleghe apewe sodo bure na serikali. Ni sheria nzuri, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila katika shule tunazozitembelea, kuna mihula ambayo pakiti hazionekani. Sisi tulikuwa tunapeleka maboksi mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu, wakati wa Siku ya Wanawake. Pakiti moja ni ya mwezi mmoja. Machi tunapigiwa makofi, na shule zikifunguliwa tena Mei, binti amerudia kipande cha leso kuukuu, au amebaki nyumbani.

Basi tukaanza kushona sodo za kufuliwa. Juu pamba laini, katikati kitambaa cha taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji, na vifungo pembeni. Fundi cherehani mmoja, mwenzetu wa klabu, aliwafundisha wasichana wa darasa la saba kukata na kushona wenyewe. Safari hii tulirudi baada ya wiki sita. Tukakuta wengi wanazianika chini ya kitanda, au kambani zikiwa zimefunikwa kwa leso nzito, kaka na baba wasizione. Hazikauki vizuri, zinatoa harufu, na wengine zimewawasha. Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria jambo hilo tulipokuwa tunahesabu vitambaa. Tukashauriana na wasichana wenyewe, wakapendekeza waanike juani chini ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na mama zao tukawaita tukae nao kikao. Bila kurudi, tungekuwa bado tunajisifu.

Wanawake wa nchi hii walishalijua hili zamani. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kazi iliyozaliwa hapo ilikuja kupita miti milioni 30. Linalonigusa mimi ni namna walivyolipana: akina mama wa vitalu walipewa senti chache kwa mche ulioshika. Kupanda tu hakukuhesabiwa. Mche ukikauka, hakuna malipo. Kwa hiyo mama alikuwa na sababu ya kwenda kuutazama jioni, na kopo la maji mkononi.

Nilipolileta pendekezo kwamba theluthi ya kila mchango ibaki kwa ajili ya kurudi, mwenzetu mmoja ninayemheshimu sana alipinga. Vijiji ni vingi, alisema, tukirudi pale pale kila mara, wengine tutawafikia lini? Ni swali la haki, na sina jibu la kumridhisha kabisa. Ni kweli tutafika shule chache zaidi. Lakini tangi kavu limemfikia nani? Kijiji tulichokwenda mara moja tukakiacha, mimi sikihesabu tena kuwa tumekifikia. Tulipiga kura, pendekezo likapita kwa tofauti ya kura mbili.

Sasa kila tangi lina nambari ya simu ya mwanachama mmoja, imeandikwa kwa rangi ya mafuta karibu na mfereji, urefu wa macho ya mtoto. Mwezi uliopita simu yangu ililia saa moja asubuhi. Alikuwa mwanafunzi, ameazima simu ya mwalimu: "Shikamoo mama, mfereji unadondoka." Fundi alifika kabla ya saa nne.